Chini ya Kichwa cha Padri

Mzee wa chumba cha mwisho hataki chai yake iwekwe mezani. Anataka apewe mkononi, na mwenye kumpa aketi, amsikilize mpaka ipoe. Kazi yangu hapa kusini mwa Ireland ni kutunza wazee, na ratiba haina nafasi ya kuketi. Lakini mimi nimelelewa Mombasa, na kwetu mzee haachwi na neno mdomoni. Basi huketi, nikaja kugombezwa baadaye.

Hapa wazee huitwa kwa majina yao ya kwanza, hata aliyepita miaka tisini. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, na siku hizi mwenzangu akimwita kwa jina lake hageuki.

Siku hiyo ilikuwa Novemba, mvua inachapa dirisha, akaniuliza kama mimi hupita katikati ya mji wa Clonmel. Nikamwambia kila siku, ndiko ninakopandia basi.

"Basi kila siku," akasema, "unapita chini ya kichwa cha padri."

Nilidhani ni akili za uzee. Kumbe ilikuwa historia, na ilihusu padri Nicholas Sheehy, paroko wa Clogheen, kijiji kilicho chini ya milima ya Knockmealdown, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Clonmel. Mzee aliisimulia kama jambo la juzi. "Walimuua," alisema, bila kusema nani, kana kwamba hata mimi wa Majengo nawajua. Nilipomwuliza ni akina nani, akataja koo tatu nne za wenye ardhi, Maude akiwa wa kwanza na Bagwell wa pili, na akazitaja polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu deni. Nywele zilinisimama. Sauti hiyo naijua. Ndiyo aliyokuwa akiitumia nyanya yangu akitaja jina la wenye ardhi yetu.

Nitarudi kwa nyanya. Kwanza padri.

Usiku ule nilisoma mpaka saa nane. Ireland ya karne ya 18 ilikuwa nchi ya Wakatoliki wengi walioishi juu ya ardhi ya Waprotestanti wachache, na sheria zilikuwa zimeandikwa na hao wachache. Mkatoliki hakuruhusiwa kuwa na farasi wa thamani ya zaidi ya pauni 5. Hata akiwa na farasi mzuri namna gani, Mprotestanti yeyote angeweza kumpa pauni 5 na kumchukua. Mapadri wa parokia walivumiliwa, lakini kuvumiliwa ni neno la mwenye nyumba, si la mgeni. Mwenye nyumba akiamka vibaya, uvumilivu umekwisha.

Mgogoro wa Tipperary, kaunti yenye Clonmel na Clogheen, ulianzia kwenye malisho. Kulikuwa na ardhi ya kijiji ambayo kila mpangaji alilisha humo ng'ombe wake. Mwishoni mwa miaka ya 1750 Uingereza ikafungua soko lake kwa ng'ombe wa Ireland, bei ikapanda, na wenye mashamba wakaona kwamba nyasi zina faida kuliko watu. Wakayazungushia malisho yale kuta na ua. Juu ya hapo kulikuwa na zaka. Kila mkulima, hata Mkatoliki, alitoa fungu la kumi kwa kasisi wa kanisa la serikali, ambaye huenda hajawahi kumsikia akihubiri hata siku moja. Na sikiliza jinsi mzigo ulivyogawanywa: tangu 1735 Bunge la Dublin lilikuwa limepitisha azimio la kuwapunguzia zaka wafugaji. Kwa hiyo tajiri mwenye mamia ya ng'ombe karibu halipi kitu, na maskini mwenye kijishamba cha viazi anahesabiwa mafungu ya viazi vyake. Nilipofika hapo nilifunga simu, nikaifungua tena.

Mwishoni mwa 1761 watu wakaanza kutoka usiku, mashati meupe yamevaliwa juu ya nguo ili wajuane gizani, wakabomoa zile kuta. Wakaitwa Whiteboys, kwa Kiairishi Buachaillí Bána, vijana weupe. Hawakuwa malaika. Walikata ng'ombe mishipa ya miguu, walitisha watu majumbani mwao, na aliyewasaliti alikuwa na sababu ya kuogopa. Padri Sheehy hakuficha upande wake. Aliipinga zaka waziwazi, na katika wilaya ambayo mwenye ardhi ndiye hakimu, na hakimu ndiye anayeongoza askari wa farasi, hilo lilitosha.

Walimshtaki mara kadhaa, kesi hazikusimama. Mwaka 1765 serikali ikatangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakayemkamata. Akajisalimisha mwenyewe kwa Cornelius O'Callaghan, mwenye ardhi wa Shanbally karibu na Clogheen, kwa sharti moja: ahukumiwe Dublin, si Clonmel. Alijua anachokiomba. Dublin walimsikiliza Februari 1766, wakamwachia. Hata hakuwahi kurudi nyumbani, akakamatwa upya kwa shtaka la kumuua John Bridge, mtu aliyetoa habari za Whiteboys kwa wakuu, kisha akatoweka mwaka 1764. Maiti ya Bridge haikupatikana, si wakati ule, si baadaye. Na kesi hii ya pili ikapelekwa Clonmel.

Mashahidi walikuwa mwanamke aliyesemwa vibaya mjini, mwizi wa farasi aliyetolewa jela, na kijana mmoja. Upande wa padri alisimama Robert Keating, mtu mwenye mali na heshima, akasema usiku unaotajwa padri alikuwa nyumbani kwake. Akakamatwa papo hapo mahakamani kwa tuhuma za mauaji mengine, akapelekwa jela Kilkenny. Baadaye alionekana hana hatia, lakini ushahidi wake ulikuwa umeshapotea. Ukiwa shahidi wa pili kwenye foleni, umemwona wa kwanza akitolewa kwa pingu, wewe ungesema nini?

Hukumu ilitoka tarehe 12 Machi 1766. Tarehe 15 akanyongwa, mwili ukakatwa, na kichwa kikatundikwa kwenye mti wa chuma juu ya jela ya Clonmel. Kilikaa pale miaka kama 20, mpaka dada yake alipokubaliwa kukishusha na kukizika pamoja na mwili. Miaka 20! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikua, akaoa, akapita chini ya kichwa kile akienda sokoni na mke wake.

Hapo ndipo wanapoishia wanahistoria na wanapoanzia wasimulizi. Wale watu 12 walioapishwa kuamua kesi, Mzee anasema, hawakufa vizuri. Masimulizi yaliyokusanywa karne ya 19 yanasema hivyo hivyo: mmoja aliingiwa na wazimu, mmoja alisongwa na tonge, mmoja alizama, mmoja aliuawa na farasi wake, mmoja alifilisika akawa ombaomba, na katika wote ni mmoja tu aliyekufa kitandani kama watu. Sir Thomas Maude, ambaye inasemekana aliizunguka mahakama na wapanda farasi wake ili mashahidi wa padri wasithubutu, amewekewa mwisho mkubwa zaidi: kwamba alikufa akipiga kelele, akiwaomba waliokuwa naye wamwondoe Sheehy pembeni mwa kitanda.

Nimefanya hesabu yangu. Kusanya wanaume 12 wa wakati ule, wapanda farasi, wanywaji, wasio na dawa ya maana, uwaangalie kwa miaka 30. Utapata wa kuzama na utapata wa kuanguka, bila padri. Na kumbukumbu za serikali zina upande wao wa kusimulia. Maude hakufa mara tu baada ya kesi. Mwaka 1776, miaka 10 kamili tangu padri anyongwe, alipewa cheo cha Baron de Montalt. Akina Bagwell walikaa bungeni vizazi na vizazi. Laana gani hiyo inayopandisha watu vyeo?

Nilimpelekea Mzee hoja hii nikiwa nimejaa ushindi. Akanywa chai yake.

"Maude alikufa lini?"

"1777."

"Alikuwa na mtoto?"

Nikaangalia simu. Hakuwa na mtoto. Cheo alichokipata kilizikwa naye mwaka uliofuata, na ndugu yake alilazimika kupewa upya miaka kadhaa baadaye. Mzee hakusema kitu. Aliinua nyusi tu.

Sasa nyanya.

Mombasa kuna kitu ambacho wageni hatuwezi kuwaeleza mpaka wachoke: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga kwa fito na udongo na baadaye kwa matofali ya kuibia, umezaa humo, umefiwa humo. Kiwanja kilicho chini yake ni cha mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja. Mambo haya yana mizizi mirefu, na sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyotaka kila mdai ajitokeze mbele ya wakuu na kuthibitisha, iliwaacha wengi wa pwani nje ya daftari. Nyanya alikuwa na msemo wake: "Nyumba yangu, ardhi ya watu." Alikuwa akiusema akifagia uani, kana kwamba anaukumbusha ufagio usizidishe.

Mwenye ardhi hatukuwahi kumwona. Tulimjua karani wake, mtu wa kanzu safi na daftari refu. Siku moja karani akakataa kupokea kodi. Kwa asiyejua, inaonekana ni neema. Anayejua hutetemeka, maana kodi ikikataliwa miezi mitatu minne, mtu anaweza kwenda mahakamani kusema hujalipa. Nyanya akaenda na pesa zake kwenye kitambaa, akarudishwa. Akaenda tena na mashahidi wawili, akarudishwa nao.

Majirani wakamjia usiku. "Mama, soma halbadiri." Kwa asiye wa pwani, halbadiri ni kisomo cha majina ya watu wa vita vya Badri, na husomwa dhidi ya mwizi au dhalimu asiyejulikana au asiyeshikika. Inaogopwa kuliko polisi. Wapo waliorudisha mali iliyoibwa kwa kusikia tu kwamba walimu wameitwa na ubani umenunuliwa. Lakini ina makali mbili: ukiisoma na wewe mwenyewe una kasoro, inakurudia. Nyanya akakataa. Alisema ana kasoro zake nyingi na hana haja ya kuzitangaza mbinguni.

Kabla ya mwaka kwisha, yule karani akapooza upande mmoja. Mtaa mzima ukajua ni halbadiri. Nyanya aliapa hakusoma, na kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyotabasamu. Karani mpya alipokuja alipokea kodi kwa mikono miwili, akaandika risiti, na hakukubali hata kikombe cha maji.

Hii ndiyo sababu barua ya mwisho ya padri Sheehy imenikaa. Ipo. Aliiandika gerezani usiku wa kuamkia kunyongwa, kwa Joseph Sirr, ofisa aliyemtendea wema. Anasema kesho anauawa, anakufa hana hatia, na hawezi kubadilishana nafasi na mkubwa yeyote katika ufalme. Anamwombea Sirr heri. Anasema mashahidi waliapa uongo. Niliisoma mara tatu nikitafuta laana. Hamna. Kilichomo ni kitu kingine kinachotatiza zaidi: anakiri kwamba aliambiwa, kwa siri, kuwa Bridge kweli aliuawa, na si na wale waliotajwa mahakamani.

Tatizo ni kwamba masimulizi ya wananchi yanapenda Bridge awe hai. Katika simulizi moja alionekana Cork baada ya hukumu, katika jingine alivuka bahari. Mzee naye anashikilia alivuka bahari. Nikamwambia, padri mwenyewe ameandika kwamba mtu yule alikufa. Alinitazama kwa huruma, kama ninavyotazamwa na mama nikimsahihisha hadithi aliyoisikia kwa mama yake. Kwake ushahidi wa padri ni ushahidi tu. Hadithi inahitaji maiti isiwepo, ili uongo uwe mtupu, usio hata na chembe ya kweli ndani yake.

Padri hakulaani, kama nyanya hakusoma. Laana iliandikwa na waliobaki, kwa kurudi nyuma, kila kifo kikitafutiwa mahali pake kwenye daftari. Mwenye ardhi alikuwa na daftari lake la kodi, hili lilikuwa la wapangaji.

Na ukianza kusikiliza, Ireland imejaa madaftari ya namna hiyo. Kati ya 1937 na 1939 tume ya taifa ya masimulizi iliwatuma watoto wa shule za msingi wakaulize wazee wao na kuandika. Watoto kama 50,000 walishiriki, na karatasi walizojaza ni mamia ya maelfu. Padri na mwenye ardhi wamo tele. Padri anazuiwa njiani, farasi wa mwenye ardhi anaganda palepale, hainui mguu mpaka msamaha uombwe. Jumba linalaaniwa kwamba kunguru watajenga viota kwenye bomba lake la moshi. Na si mapadri tu. Jirani hapo Waterford, katika jumba la Curraghmore, panasimuliwa laana ya mjane juu ya ukoo wa Beresford, na hapo kumbukumbu zinatisha kidogo: mkuu wa tatu wa ukoo alikufa kwa kuanguka farasi 1859, wa tano alijiua 1895, wa sita alizama 1911, wa saba alipigwa na risasi ya bunduki yake 1934. Hesabu zangu za wanywaji na farasi ziliyumba niliposoma hayo, sifichi.

Lakini nisiwapake mapadri mafuta. Mkutano wa Irishtown, kaunti ya Mayo, Aprili 1879, uliowasha vita vya wapangaji nchi nzima, inasimuliwa uliitishwa dhidi ya padri: kanoni aliyekuwa akisimamia shamba la ndugu yake na kudai kodi kama kabaila mwingine yeyote. Mwaka uliofuata, Mayo hiyo hiyo, padri mwingine, John O'Malley, ndiye anayehesabiwa kuwa aliligeuza jina la wakala Charles Boycott kuwa kitenzi, boycott, yaani kususia, ambacho dunia nzima inakitumia. Padri mmoja alidai kodi kama mwenye ardhi, mwingine akamfanya wakala wa mwenye ardhi kuwa neno. Sikusikia Mzee akimtaja yule wa kwanza.

Majumba yenyewe? La Bagwell, Marlfield, lilichomwa Januari 1923 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vitabu vya mwanahistoria wa ukoo ule vikateketea humo. Wasimulizi wanaridhika. Ila kuna jingine wanalolipita haraka. Kasri la Shanbally lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kizazi cha O'Callaghan, yaani ukoo wa yule aliyempokea padri akijisalimisha na kumpeleka Dublin kama walivyokubaliana. Katika kisa chote yeye ndiye mwenye ardhi aliyetenda kiungwana. Kasri la ukoo wake ndilo lililolipuliwa kwa baruti mwaka 1960, halikubaki jiwe. Jumba la Dundrum, kwa akina Maude, lilikuja kugeuzwa hoteli. Nilimwuliza Mzee laana hii inasoma anwani vipi. Akacheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumpokonya kikombe.

Mwezi Mei nikapata siku ya mapumziko, nikaenda Shanrahan, makaburi yaliyo nje kidogo ya Clogheen, penye magofu ya kanisa. Kaburi la padri limejengewa. Kwa vizazi watu walikuwa wakija kuchota udongo wake wa kutibu, mpaka shimo likawa linachimbika na kulazimika kujazwa. Hapakuwa na mtu. Ng'ombe walikuwa wanalishwa upande wa pili wa ukuta, wanono, nyasi mpaka magotini, na nikajiuliza ni ukuta wa miaka gani. Nikachota udongo kidogo, kijiko hivi, nikaufunga kwenye tishu. Mimi si Mkatoliki na sikuwa naumwa. Nilitaka tu kumwonyesha Mzee.

Jioni nikampigia mama Mombasa. Nikamweleza yote, padri, zaka, watu 12, kichwa juu ya jela, na mwisho udongo ulio mfukoni. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Na hapo makaburini," akauliza, "ardhi ni ya nani?"

Nikasema sijui. Ya kanisa, labda. Ya serikali.

"Hujui, na umechota," akasema. "Kesho urudi ukaulize mwenyewe ni nani."